Alama ya Sikio Kumlabrekka

Walisikika kabla hawajaonekana. Kwanza ulikuwa mvumo wa chini kwa chini, kama lori linalopita mbali juu ya daraja la mbao. Kisha mvumo ukapasuka ukawa sauti, na sauti zikawa maelfu, nene na nyembamba, za mama wanaoita na wana wanaojibu, zikishuka mlimani ndani ya ukungu mzito kama uji. Mbwa akabweka. Mtu akapiga mluzi. Hallbera, aliyekuwa amesimama juu ya ukuta wa mawe wa zizi, akayarudia maneno yake moyoni. Kondoo wamefika, na kama kondoo wamefika basi na baba yake amefika, na yeye hana tena pa kujificha.

Ukungu ukamtema farasi wa kwanza. Juu yake alikaa Sumarlidi, miaka sitini na minane, ndevu zimelowa, sweta ya sufu inanuka moshi wa siku nne za nyika. Yeye ndiye aliyekuwa mfalme wa mlima, cheo anachopewa anayewaongoza wakusanyaji kondoo kila Septemba, na alikuwa amekishika kwa miaka ishirini na miwili bila mtu kuthubutu kumwomba akiachie.

"Hallbera!" alipaza sauti. "Umekuja! Si nilisema atakuja, Ofeigur?"

"Umelisema tangu Jumatano," akajibu Ofeigur, jirani yake wa shamba la Ytragil, mwanamume mfupi mwenye pua iliyojaa ugoro. "Hata kondoo wamechoka kulisikia. Wale wawili waliotumbukia mtoni, mimi naamini walijirusha."

Wakusanyaji wakaangua kicheko. Sumarlidi akacheka kuliko wote. Tangu Agosti alikuwa mtu wa kucheka, na hilo ndilo lililomkata maini binti yake.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mwezi wa Julai, Sumarlidi alikuwa akichimba shimo la nguzo ya uzio kwenye mteremko wa shamba lao la Kumlabrekka, pale penye tuta refu ambamo watu wa nyumba yao huamini amelala Thorbrand, Mviking aliyevuka bahari kutoka Norwei na kuwa wa kwanza kuwasha moto katika bonde lile. Sepeto likatoa kitu cheupe. Sumarlidi akakifunga kwenye gazeti, akakiweka ndani ya bahasha, akakituma mji mkuu, Reykjavik, kwa binti yake. Hallbera alikuwa akifanya kazi katika maabara inayosoma DNA ya wafu wa kale, ule uzi mwembamba wa urithi unaobaki ndani ya mfupa hata nyama na jina vikiisha.

Akaupima ule mfupa. Kurasa za kwanza zilipotoka zilionyesha mwanamume, na ukoo wake wa upande wa baba ulikuwa uleule wa Sumarlidi, ambaye alikwisha kutoa mate yake kwenye kichupa, kama wanavyotoa wote wanaogusa mifupa, ili DNA ya walio hai isichanganywe na ya wafu. Hallbera hakungoja kurasa zilizobaki. Alinyanyua simu akasema, "Baba, ni wetu."

Upande wa pili akasikia jambo ambalo hakuwahi kulisikia maishani mwake: baba yake analia.

Alilia kwa sababu alikuwa na haki ya kulia. Tangu enzi za babu yake Ofeigur, watu wa Ytragil walikuwa wakiwaambia watu wa Kumlabrekka, kwa utani wenye mwiba, kwamba wao ni uzao wa watumwa waliookota shamba baada ya bwana wao kufa. Na Kumlabrekka walikuwa na daftari la nasaba, majina thelathini na moja ya akina baba mpaka kwa Thorbrand, lakini daftari ni karatasi, na anayetaka kulicheka hulicheka. Sasa mfupa umesema.

Isipokuwa haukusema. Wiki iliyopita Hallbera alimaliza kurasa. DNA ya mtu wa miaka elfu huwa imechakaa kama wavu wa zamani, imekatikakatika vipande vifupi, kingo zimeoza. Hii ilikuwa ndefu, imara, mpya kama kamba ya dukani. Akailinganisha na vichupa vyote. Haikuwa ya mtu wa ukoo wa Sumarlidi. Ilikuwa ya Sumarlidi mwenyewe.

Aliendesha gari kwa muda wa saa nne kuja kulisema hilo. Aliyapanga maneno katika kila kona ya barabara.

"Njoo uone," baba yake akasema, akishuka farasi. Akamvuta mkono mpaka kando ya lango la zizi, palipokuwa na kitu kimefunikwa blanketi. Akalifunua upande mmoja tu, kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Lilikuwa jiwe jeusi la volkano, limechongwa herufi nzito: HAPA AMELALA THORBRAND, BABA YETU.

"Wiki tatu," akasema. Vidole vyake vilikuwa na makovu mapya. "Tukimaliza kuwagawa kondoo nalifunua mbele ya bonde zima. Nimetunga na shairi. Ofeigur atameza ugoro wake."

"Baba, kuhusu ule mfupa..."

"Baadaye, mwanangu! Kondoo hawangoji!"

Naye akaenda zake, akipiga makofi, akipaza amri.

Zizi la bonde lile ni duara. Katikati pana uwanja, na kuuzunguka pana vyumba vya mawe, kila shamba na chake. Kondoo humwagwa uwanjani mamia kwa mamia, na watu huingia katikati yao, humshika kondoo pembe, humsoma masikio, humburuta mpaka chumba cha mwenyewe. Kila shamba lina alama yake iliyokatwa sikioni, nayo hurithiwa kama jina. Kumlabrekka: ncha imekatwa kulia, pengo moja nyuma ya kushoto. Ytragil: ncha imekatwa kulia, mapengo mawili nyuma ya kushoto. Mtu mzima wa pale anaweza kusoma sikio kwa kidole gumba akiwa anatazama kwingine na kuzungumza habari za hali ya hewa.

Ndilo kosa alilolifanya Sumarlidi. Alikuwa anawasimulia watu wa mashamba ya juu habari za jiwe, mdomo haufungi, huku amembana kondoo jike mweusi katikati ya magoti. Akapapasa sikio la kulia, ncha imekatwa, akamburuta mpaka chumba chake, akafunga mlango. Shangazi Isgerd, dada yake, aliyekuwa ameegemea ukuta akinywa kahawa, akachungulia ndani.

"We Sumarlidi," akasema taratibu. "Hebu soma na la kushoto."

Akasoma. Mapengo mawili.

Pale kuna desturi ambayo haijaandikwa popote na haijasahauliwa na yeyote. Aliyeingiza kondoo wa mtu chumbani mwake, akigundua, humtoa mwenyewe, kwa mikono yake miwili, akampitisha katikati ya uwanja mpaka mlangoni kwa mwenye mali, na huko hutamka alama yake kwa sauti, wote wasikie. Hapana wa kumsaidia. Hapana wa kucheka mpaka amalize. Akishamaliza, cheka mpaka mbavu ziume, lakini mwaka unaofuata neno hilo halitajwi tena. Ama yule anayejua na kunyamaza, huyo hata mbwa wake hasalimiwi.

Sumarlidi alikuwa hajawahi kumtoa kondoo wa mtu katika miaka arobaini. Alisimama kidogo, shingo imemwiva. Kisha akamshika kondoo pembe, akatoka naye. Watu wakanyamaza, wakampisha. Akavuka uwanja kifua mbele, kama mtu anayemsindikiza bibi harusi, akafika mlango wa Ytragil, akanguruma:

"Ncha kulia! Mawili nyuma kushoto! Wa Ofeigur!"

"Nimempokea," akasema Ofeigur, na hapo zizi zima likalipuka kwa kicheko, na Sumarlidi naye akacheka, akafuta jasho, akarudi kazini.

Hallbera alimtazama. Yale maneno yote aliyoyapanga barabarani, ya upole, ya kuzungukazunguka, yakamtoka kichwani. Akaruka kutoka ukutani, akaenda mpaka katikati ya uwanja, magoti yake yakigongana na migongo ya kondoo.

"Nina kondoo wa mtu chumbani mwetu," akasema kwa sauti.

Wakanyamaza tena. Baba yake akageuka, anatabasamu bado. "Kondoo gani?"

"Thorbrand."

Tabasamu likabaki usoni lakini macho yakaliacha.

"Nilikupigia simu nikakwambia ni wetu. Nilikuwa nimesoma sikio moja tu, baba. Sikungoja la pili. Ile DNA si ya mtu wa kale. Ni mpya. Ni ya mtu aliye hai."

"Mtu gani?"

"Wewe."

"Mimi vipi?"

"Ule mfupa, ulipoutoa ardhini, uliutia ulimini?"

Sumarlidi akatazama huku na huku, kama mtu aliyeshitakiwa kwa kupumua. "Kila mtu hutia ulimini! Utajuaje kama ni mfupa au ni jiwe? Jiwe huteleza, mfupa hunata. Babu yangu alitia ulimini! Wewe mwenyewe nilikufundisha!"

"Ulinifundisha. Basi mate yako yalizama ndani, nami nikayapima mate yako nikayaita Thorbrand." Akameza mate yake yeye. "Bado sijamaliza. Lile fuvu tulilolifukua Agosti, tulipokuja kulichimba kaburi zima, tulilipima. Ndani ya sikio, nyuma kabisa, mtu ana mfupa mdogo mgumu kuliko mifupa yake yote, na DNA hukaa humo miaka na miaka haiharibiki. Huo hakuna aliyeulamba. Aliyelala pale ni mwanamke. Na si wa Norwei. Ndugu zake ni watu wa Ayalandi na visiwa vya Uskochi."

"Basi si ndivyo babu yangu..." Ofeigur akaanza, kisha akaona uso wa Sumarlidi, akaacha.

"Najua alivyokuwa akisema babu yako," Hallbera akamgeukia, na sauti yake ikawa na makali ya baba yake. "Mtumwa. DNA haisemi hivyo. Haisemi kama Waviking walimteka wakamburuta mashuani au aliipanda mwenyewe akiimba. Inasema alitoka upande ule, basi. Na kaburi linasema waliomzika walimpa farasi wake, na pini ya shaba begani. Mwenye la kuongeza aongeze, lakini ajue ni la kwake, si la mfupa."

Ofeigur akaurudisha ugoro mfukoni. Mwanakondoo mmoja akalia. Sumarlidi akamwachia kondoo aliyekuwa amemshika, akatoka langoni bila kutazama mtu.

Hallbera alimkuta amekaa juu ya jiwe lake, blanketi limeteleza chini.

"Mbele ya Ofeigur," akasema, hakumtazama.

"Na wewe yule kondoo mweusi ulimpeleka mbele ya nani?"

"Ungenipigia simu."

"Kosa lenyewe nililifanya kwa simu."

Baba yake akawa anapitisha kidole ndani ya herufi alizozichonga. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda, na kule kileleni theluji ya kwanza ilionekana, nyembamba kama unga uliomwagika.

"Alikuwa na umri gani?" akauliza mwishowe.

"Arobaini na kitu. Magoti yake yalikuwa yamesagika."

"Yote mawili?"

"Yote mawili."

"Ya mama yangu yalikuwa hivyohivyo. Maji ya Kumlabrekka yako chini mtoni, nyumba iko juu. Mpaka nilipovuta bomba, kila mwanamke aliyeishi pale aliyabeba kupanda ule mteremko." Akafuta uso kwa kiganja. "Kwa hiyo miaka yote nilikuwa nikimvulia kofia Thorbrand, na aliyekuwa akinitazama ni mama mmoja aliyechoka."

"Ndiyo."

"Ataniona mpumbavu, mama yule."

"Mpumbavu umekuwa tangu zamani," ikasema sauti nyuma yao. Shangazi Isgerd alikuwa amekuja na bakuli mbili za supu ya nyama ya kondoo, mvuke umemfunika miwani. "Nyinyi na daftari lenu! Akina baba thelathini na moja, mmoja kamzaa mwenzake, hakuna hata mmoja aliyepita tumboni mwa mwanamke! Kula." Akamkabidhi kaka yake bakuli, kisha akamgeukia Hallbera. "Na hiyo mashine yenu, inasoma upande wa mama?"

Hallbera akageuka kutazama gari lake. Kwa sababu jana jioni, kabla hajafunga ofisi, ukurasa wa kwanza wa upande wa mama ulikuwa umetoka, na aliutazama mpaka macho yakamuuma. Ukoo wa mama wa yule mwanamke wa kaburini, na ukoo wa mama wa Sumarlidi, aliopewa na mama yake, aliyepewa na mama yake. Ukurasa wa kwanza tu. Mistari michache, na yote ilifanana. Neno likamjia mpaka kwenye meno.

Akalirudisha.

"Inasoma," akasema. "Sijamaliza."

Sumarlidi akainua kichwa. Alikuwa ameisoma sura hiyo tangu ikiwa ya mtoto. "Kuna jambo unanificha."

"Kuna jambo sijalimaliza. Si sawa na kuficha."

Kabla hajambana zaidi, kutoka ndani ya zizi ikapanda sauti ya Ofeigur, nyembamba, ya puani, ikivutwa kwa mahadhi ambayo bonde lile hutumia kuchokozana:

"Sumarlidi kachimbua, kaburi la babu yake,
Kwa ulimi kasugua, kalamba mfupa wake,
Mjini wakatambua, yalikuwa mate yake,
Kajizika, kafukua, yu hai na meno yake!"

Kicheko kikavuka ukuta kama wimbi. Hallbera akafumba macho. Pale mtu akitupiwa ubeti lazima aujibu kabla mtupaji hajamaliza kikombe chake cha kahawa, la sivyo amekubali kila lililosemwa. Na huyu mzee alikuwa amevunjika leo.

Alipofumbua, baba yake alikuwa amesimama. Supu ilikuwa imetua juu ya jiwe. Midomo yake ilikuwa inacheza, vidole vinahesabu pajani.

"Anywe polepole huyo!" akapiga kelele, akaingia langoni. Akapanda juu ya ukuta, palepale aliposimama binti yake asubuhi, akakohoa, akaachia kifua:

"Mate yangu nayakiri, nimeyatema mwenyewe,
Mama aliyesafiri, maji makuu na mawe,
Kiti changu cha amiri, aheshimiwe, apewe,
Nawe jirani subiri, sikio lako lipimwe!"

Bonde zima likapiga kelele, watu wanagonga milango ya vyumba kwa ngumi, na Ofeigur akawa anacheka mpaka ugoro ukamtoka puani na kahawa ikamwagika kwenye buti. Alipopata pumzi akaja langoni, akamnyooshea Sumarlidi pembe yake ya kuwekea ugoro.

"Vuta. Umenimaliza."

"Sijakumaliza. Nitakumaliza watakapokupima."

"Wanipime! Mimi ni Mviking mtupu, kutoka kisigino mpaka hapa."

"Hata mimi nilikuwa hivyo mpaka saa tatu asubuhi," Sumarlidi akasema, akavuta, akapiga chafya.

Halafu akalitazama jiwe. Watu walikuwa wanasogea, wanataka kujua litakuwaje. Akaiondoa bakuli ya supu, akainama, akaingiza vidole chini yake.

"Shika upande huo," akamwambia Ofeigur.

Wakaliinua pamoja, wazee wawili wanaotweta na kutukanana, wakaligeuza. Herufi zikalala juu ya nyasi. Upande wa juu ulikuwa mtupu, mweusi, umelowa, unang'aa.

"Sasa huku," Sumarlidi akasema, akimgeukia Hallbera, "nitachonga nini? Sina jina lake. Sijui kama ni wetu. Wewe unajua kitu, nakuona, kimekukaa kooni kama mwiba wa samaki. Kiseme tu, hata kidogo. Nitanyamaza."

"Hutanyamaza," akasema Shangazi Isgerd.

"Sitanyamaza," akakiri.

Hallbera akacheka, na machozi yakamtoka palepale alipocheka. Akamwona mzee wake amesimama bila Thorbrand, mikono mitupu, ndevu zina supu, na hakuonekana mdogo hata kidogo. Kwenye begi lake ndani ya gari ukurasa ule ulikuwapo, umekunjwa mara mbili. Angeweza kwenda kuuchukua. Hatua ishirini tu.

Hakwenda. Badala yake akamfuata kondoo jike aliyekuwa amepotelea nje ya lango, akamshika pembe, akambana katikati ya magoti yake kama alivyofundishwa akiwa na miaka sita, akaweka kidole gumba kwenye sikio la kulia, na kingine kwenye la kushoto.

"Wa Kumlabrekka," akasema. "Baba, nisikilize, na wote hapa wawe mashahidi. Kabla kondoo hawa hawajazaa tena nitarudi, kwa miguu yangu, si kwa simu. Kama yule mama ni wetu nitakwambia ni wetu, na kama si wetu nitamtoa mwenyewe mbele ya watu kama leo. Lakini nakuahidi: siku nitakayofungua mdomo, nitakuwa nimeyashika masikio yote mawili."